Besiboli ya ufukweni: elewa fosi na mwendo kwa mpira wa tenisi na mpini wa jembe

Besiboli huku Malindi wengi tunaijua kwa simu tu, tena wale wasiolala, manake fainali za Marekani za mwezi wa kumi zikianza kule jioni huku kwetu ni kama saa tisa usiku. Na ukiangalia bila kuelewa unaona watu wazima wamesimama uwanjani wanatafuna chingamu, mmoja anarusha, mwengine anapiga hewa, wanaanza tena. Inachosha wallahi. Lakini ukishajua ni fosi gani zinafanya kazi pale mchezo unabadilika kabisa, na uzuri wake huhitaji uwanja wao wala vifaa vyao vya bei, unahitaji mchanga mgumu, mpira wa tenisi, kipande cha mti na simu. Walio shule wataniambia haya wanayafanya darasani, sawa, ila darasani unayaandika kwenye daftari na hapa utayasikia begani.

Kabla hujarusha kitu shika hili kwanza, manake ndipo watu wengi wanapopotea. Mpira ukishaachana na vidole, mkono hauna tena kazi juu yake. Kuna kijana aliwahi kuniuliza pale ufuoni, "Ami, kwani zile nguvu ulizorushia zinaishia wapi, mbona mpira unaanguka?" na ukimsikiliza utaona anafikiria nguvu ya mkono imeingia ndani ya mpira ikasafiri nao, alafu ikaisha njiani vile mafuta yanaisha kwenye bodaboda. Hakuna kitu kama hicho. Mpira unaondoka na vitu viwili tu, spidi yake na mzunguko wake. Newton aliliandika hili tangu 1687, kitu kinachokwenda kitaendelea kwenda vilevile, spidi ileile na njia ileile iliyonyooka, mpaka fosi nyengine ije ikibadilishe. Hakihitaji kusukumwa ili kiendelee.

Kama unataka tofauti ya wazi basi tuko na mfano hapa jirani. Ngomeni, kwenye lile jukwaa la San Marco baharini, tarehe 12 Desemba 1970 Wataliano na Wamarekani walirusha setilaiti iliyoitwa Uhuru, manake ilikuwa Jamhuri Dei. Ile roketi iliendelea kusukumwa baada ya kuondoka kwa sababu ilikuwa na injini inatema gesi nyuma. Mpira hauna injini. Kila kitu mrushaji anachotaka mpira ufanye lazima akimalize kabla vidole havijaachia, na ukiangalia mechi ukiwa na hilo kichwani utaanza kuangalia vidole badala ya mpira.

Vifaa na mahali

Mpira wenyewe wa besiboli ni gramu 142 mpaka 149, upana wake kama sentimita 7 na nusu, umeshonwa kwa mishono 108 ya uzi mwekundu, na ni mgumu, ukikupata usoni utakwenda kushonwa na wewe. Kwa hivo tumia wa tenisi, ni kama gramu 58 hivi. Ukikosa, fumba wa matambara na soksi uukaze kwa kamba, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017 kwa hivo hata ule mpira wa juala tuliokua nao siku hizi ni wa kutafuta.

Mahali nenda ule ufuo wa mjini unaoelekea Sabaki, maji yakiwa yametoka, na siku za bamvua ndo bora manake mchanga mgumu unakuwa mpana mpaka unachoka kutembea. Piga mstari, alafu hesabu hatua 24 au 25 za kawaida za mtu mzima, piga mstari mwengine. Hapo una karibu mita 18.44, ndo umbali kutoka kwa mrushaji mpaka kwa mpigaji. Simama hapo kwanza uangalie, ni karibu kuliko ulivofikiria. Sasa fikiria mpira wa kilomita 150 kwa saa unakuja kutoka pale, unatumia kama sehemu nne za kumi za sekunde kufika. Aroldis Chapman, yule Mcuba, mwaka 2010 alirusha uliopita kilomita 169 kwa saa.

Kurusha

Rusha mara ya kwanza miguu ikiwa imesimama sambamba, kifua kimeelekea mbele, mkono tu ndo ufanye kazi. Uone unafika wapi. Mara ya pili simama ubavu, bega la mkono usiorushia liangalie mbele, peleka mkono wa mpira nyuma kabisa, piga hatua ndefu, kiuno kigeuke kwanza, kifua kifuate, bega, kiwiko, mwisho kiganja. Mpira utatoka na spidi zaidi na wala hutasikia umetumia nguvu nyingi kuliko mwanzo, na sababu ni kwamba spidi inategemea fosi na pia umbali ambao fosi hio imeusukuma mpira. Ukirusha kwa kiganja unausukuma sentimita chache. Ukirusha kwa mwili mzima unausukuma mita moja na nusu au zaidi.

Hesabu yake sio ngumu. Kuutoa mpira wa gramu 145 kutoka sifuri mpaka mita 42 kwa sekunde, ambayo ni kama kilomita 150 kwa saa, ndani ya mita moja na nusu, unahitaji wastani wa fosi ya nyutoni 85, ni uzito wa kama kilo 9 tu. Tu! Ndo maana kuna warushaji wembamba kabisa wanarusha moto, na kuna mabaunsa hawafiki popote. Ugumu uko kwenye kuiweka fosi ile mfululizo mpaka mwisho, bila kiwiko kuwahi kabla ya bega.

Alafu fanya jaribio moja ambalo mimi naliona ndo zuri kuliko yote ya kurusha. Rusha ukiwa kwenye mchanga mgumu, kisha panda kule juu kwenye mchanga mkavu unaozama, urushe vilevile. Spidi inapungua na utaisikia mwenyewe, mguu unateleza nyuma wakati ule unaouhitaji. Hii ni sheria ya tatu, ukisukuma ardhi nayo inakusukuma, kwa fosi sawasawa na upande wa pili. Mkono hausukumi mpira kutoka hewani, msukumo wote umeanzia chini ya wayo. Mchanga ukikimbia chini ya mguu basi umesukuma mchanga, hujajisukuma wewe. Warushaji wa Marekani wana kibao cha raba kimefukiwa juu ya kile kilima kidogo wanachorushia kwa kazi hio tu, ya kuwekea mguu.

Mpira ukiwa hewani

Sasa umeachia. Kuanzia hapa kuna fosi tatu peke yake, graviti inauvuta chini, hewa inaurudisha nyuma, na mzunguko au mishono inaupindisha. Hakuna ya nne.

Graviti iangalie kwenye baraza lenye sakafu ya simenti. Weka mipira miwili ukingoni, mmoja uupige kofi uruke mbele, mwengine uuangushe tu papo hapo, alafu usiangalie, sikiliza. Inagonga chini pamoja. Ule wa mbele umekwenda mbali lakini haukuchelewa kuanguka, manake kwenda mbele na kuanguka chini ni shughuli mbili tofauti zinazoendelea kwa pamoja na hazisaidiani. Kwa hivo hata mpira wa kilomita 150 kwa saa, katika zile sehemu nne za kumi za sekunde, graviti inataka kuushusha kama sentimita 78. Spidi haiukingi na chochote, inaupunguzia muda wa kuanguka tu.

Hewa nayo watu wanaidharau. Ukiongeza spidi mara mbili hewa inakuzuia kama mara nne, kwa hivo mpira ukitoka mkononi na 150 unafika kwa mpigaji umepoteza karibu sehemu moja ya kumi. Wa tenisi unapoteza zaidi manake ni mwepesi na una manyoya. Na upepo ndo usiseme. Miezi ya kusi, ukiwa ufuo ule, rusha kuelekea upande wa Sabaki alafu geuka urushe vilevile kuelekea upande wa mnara wa Vasco da Gama, utaona tofauti bila kupima. Mpira haujali unakwenda spidi gani juu ya mchanga, unachojali ni spidi yake ndani ya hewa, na hewa ikija usoni mwake inahesabiwa juu ya spidi yake.

Hapo hapo niseme kuhusu Nairobi. Kule juu mita 1,700 na kitu hewa ni nyepesi kuliko yetu, kwa hivo mpira uleule ukipigwa vilevile unakwenda mbali zaidi kule kuliko hapa. Marekani wana uwanja kama huo, Coors Field ya Denver, mita 1,600 juu ya bahari, wapigaji wanaupenda na warushaji wanauchukia, manake mpira unaruka mbali na kupinda nako kunapungua. Ilifika mwaka 2002 wakaanza kuiweka mipira kwenye chumba chenye unyevu isikauke ikawa inaruka kupita kiasi. Na kabla hujasema hewa yetu ya pwani ni nzito kwa sababu ya ule unyevunyevu wa mwezi wa tatu, hapana, mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu. Kinachokuwa kizito kwa unyevu ni mpira wenyewe, na unakuwa hauruki vizuri kwenye gongo, ule mti wa kupigia.

Mzunguko ndo utamu wenyewe. Shika mpira vidole viwili juu, gumba chini, na wakati wa kuachia acha vidole viukwaruze kwa nyuma kushuka chini. Mpira unatoka unazunguka kurudi nyuma, yaani upande wa juu unarudi kwako. Huo mzunguko unaivuta hewa iliyoupita ikielekea chini, na ukiisukuma hewa chini hewa inakusukuma juu, sheria ya tatu tena. Ndo mpira wa kasi wa besiboli, unazunguka kama mara 2,300 kwa dakika, na mpaka ufike umezunguka kama mara 15. Utasikia watangazaji wanasema mpira umepanda. Haujapanda, umeshuka kidogo kuliko vile macho ya mpigaji yalivotarajia, na yeye akapitisha gongo chini yake.

Sasa geuza. Kiganja kikae pembeni, vidole vipite mbele ya mpira wakati wa kuachia, upande wa juu uzunguke kwenda mbele. Hapo mzunguko unasaidiana na graviti, mpira unakuja umenyooka unaonekana wa kawaida alafu unadumbukia. Ukiuzungusha kwa ubavu unakwenda pembeni. Kwa mpira wa tenisi utafaulu haraka kuliko wa besiboli wenyewe, ni mwepesi na yale manyoya yanashika hewa, hata mtoto wa darasa la sita anaupinda. Wapenda kandanda hamna ugeni na hili, ile friki ya Roberto Carlos dhidi ya Ufaransa mwezi wa sita 1997 iliyozunguka ukuta wa watu ikarudi ndani ni fosi hiihii. Jina lake imepewa ya Mjerumani Magnus aliyeipima 1852, lakini Newton mwenyewe alikuwa ameshaandika 1672 kuhusu mpira wa tenisi unaopinda ukipigwa kwa raketi ya mshazari.

Kuna na wale wanaorusha bila mzunguko kabisa, wanaushika kwa kucha. Hapo mishono ndo inaamua, hewa inaachana na mpira upande huu mara upande ule, mpira unayumba na hata aliyerusha hajui utafikia wapi. Jaribu kwa mpira wa plastiki wa watoto, utacheka.

Kupima spidi kwa simu

Simu nyingi siku hizi zina ile video ya polepole. Ingia kwenye setingi uone ni picha ngapi kwa sekunde, 120 au 240. Weka alama mbili umbali wa mita 10, mwenzako akae ubavu mbali kidogo apate zote mbili kwenye skrini, rusha. Kisha pitisha video picha moja moja uhesabu kutoka alama ya kwanza mpaka ya pili. Kwa mfano kwenye 240 ukihesabu picha 120 basi ni nusu sekunde, mita 10 kwa nusu sekunde ni mita 20 kwa sekunde, zidisha kwa 3.6 upate kilomita 72 kwa saa. Usimkasirikie mwenzako ikitoka 50. Mwenzako asisogeze simu, akiufuata mpira nayo hesabu yote imeharibika.

Kupiga

Gongo lao ni kama gramu 900, urefu sentimita 85 hivi. Mpini wa jembe uliokatwa unatosha kwa mpira wa tenisi, boriti ya mkoko usijaribu, ni nzito mno, utaipeleka polepole na mgongo utakulaumu. Na hapa kuna mizani ya kupima mwenyewe, gongo zito likifika na spidi ileile linapiga zaidi, lakini halifiki na spidi ileile. Wapigaji wengi wa leo wanachagua jepesi kidogo walizungushe haraka.

Gongo na mpira vinagusana kwa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mpira umekuja na mita 40 kwa sekunde, unaondoka na 48 kwenda upande wa pili, kwa hivo mwendo wake umebadilika kwa 88, zidisha kwa uzito wake ugawanye kwa ule muda mdogo, unapata wastani wa karibu nyutoni 12,800. Ni uzito wa zaidi ya tani moja, na mpira unabonyea kweli, kwenye video ya polepole unaonekana. Sasa mikono ya mtu inaweza kusukuma kiasi gani? Mia kadhaa tu. Kwa hivo ule mgumio wa kukaza misuli wakati wa kugusa hauongezi kitu cha maana, kazi ya mpigaji nayo imeisha kabla ya kugusa, kama ya mrushaji. Spidi ya gongo na mahali pa kugusa, basi.

Mahali pa kugusa unapatafuta hivi. Ninginiza gongo kwa vidole viwili, gumba na cha shahada, upande wa mshikio juu, ulilegeze. Mwenzako aligonge polepole kwa nyundo au kijiwe kuanzia ncha ya chini akipanda sentimita mbili mbili. Pale mwanzo vidole vinatetemeka, alafu mahali fulani, kwa gongo la kawaida ni kama sentimita 15 kutoka ncha, mtetemeko unakufa na sauti inabadilika, inakuwa kavu. Akipanda zaidi unarudi. Tia alama kwa makaa. Ukigusa mpira pale nishati inayopotea kwa kutetemesha mti ni ndogo sana, nyingi zaidi inakwenda kwa mpira, na mikono haisikii kitu cha maana. Ukigusa karibu na mikono utasikia umeme mpaka kwenye kiwiko na mpira unakufa miguuni mwako.

Pembe ya kupiga nayo, darasani waliwaambia 45 ndo inafika mbali. Bila hewa, kweli. Kukiwa na hewa na mzunguko wa kurudi nyuma, mpira wa besiboli unafika mbali zaidi ukiondoka kwenye nyuzi 25 mpaka 30 hivi. Juu ya hapo unatazamwa na kila mtu alafu unadakwa.

Kudaka

Angalia wanaoshusha matikiti sokoni, wa juu ya lori anarusha, wa chini analipokea na mikono inashuka nalo mpaka kiunoni. Ndo hivohivo. Mpira lazima upoteze mwendo wake wote, hilo hulikwepi, lakini ukiusimamisha ndani ya sentimita 10 fosi ni moja ya kumi ya ile ukiusimamisha ndani ya sentimita 1. Kwa wa tenisi unaokuja mita 20 kwa sekunde ni nyutoni 116 dhidi ya 1,160. Kwa hivo nyoosha mikono mbele kwanza, alafu irudishe pamoja na mpira. Glavu yao kubwa inafanya kazi hio na pia inagawanya fosi kwenye eneo kubwa isikae sehemu moja ya kiganja.

Kukimbia

Ukishapiga unakimbia kwenye besi, yale vituo vya uwanjani, na besi kwa besi ni mita 27.43. Besi ya kwanza unaruhusiwa kuipita mbio, kwa hivo usipunguze spidi hata kidogo, pita tu. Ya pili na ya tatu ukipita ukaguswa na mpira umetolewa, kwa hivo lazima usimame juu yake, na mtu anayepunguza hatua ili asimame anaanza kupunguza mapema, anapoteza muda. Ndo maana wanateleza kwa matako, wanakimbia na spidi yote mpaka karibu kisha msuguano wa ardhi ufanye breki. Kwenye mchanga uliolowa utateleza kidogo tu na kukwama, manake unachimba, kwa hivo anza karibu na besi kuliko unavowaona wao. Kwenye muramu usiteleze kabisa kama umevaa kaptula.